MILIMITA MOJA KWA SIKU

Ndugu msikilizaji, tangu mwezi Julai mwaka jana nimekuwa na ratiba isiyo ya kawaida. Kila Jumamosi kazi ikiniruhusu napanda daladala ya Ngaramtoni, nashuka, kisha napandisha kwa miguu hadi Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, nyumbani kwa dada yangu. Mfukoni nabeba futi ya fundi cherehani. Baada ya salamu na kikombe cha chai ya maziwa, mpwa wangu hunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja kikitazama dari. Nami naanza kumgonga kwa ncha ya kidole changu, polepole, kutoka vidoleni kupanda kuelekea kwenye kovu lililo katikati ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja.

"Hapo bado, mjomba. Hapo bado. Hapo!"

Anashtuka kama aliyeguswa na waya wa umeme. Tunatia alama kwa peni ya bluu, tunapima umbali kutoka kwenye kovu, tunaandika tarehe na kipimo nyuma ya kalenda ya ukutani. Basi. Kazi ya siku hiyo imekwisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya hicho tunachokipima.

Mwezi Machi mwaka jana kijana huyu, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa akipunguza matawi ya mgrevilea mpakani mwa shamba. Mkono wa kushoto umeshika tawi, wa kulia una panga. Panga liliteleza. Damu ilikuwa nyingi, mama yake akamfunga kanga, bodaboda ikaitwa, akafikishwa kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Huko alihudumiwa haraka, na hilo nalisema kwa shukrani. Jeraha lilisafishwa, mshipa uliokuwa ukimwaga damu ukafungwa, ngozi ikashonwa. Akaambiwa akunje vidole, akakunja. Alipolalamika kwamba gumba na vidole viwili vinavyofuata vina ganzi, alijibiwa: mshipa umeshafungwa, ganzi itaisha yenyewe.

Hapa naomba niilaumu kidogo lugha yetu, mimi ninayekula kwa lugha hiyo hiyo. Neno mshipa tumelibebesha mizigo mingi mno. Bomba la kupitishia damu ni mshipa. Uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo nao ni mshipa, eti wa fahamu. Mtu mwenye ngiri ana mshipa. Hata kano inayovuta kidole, watu wengi huiita mshipa. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba mshipa umefungwa, na ni kweli umefungwa, anarudi nyumbani akiamini mambo yamekwisha, kumbe uliofungwa ni wa damu, na ule wa fahamu umelala ndani ya nyama, umekatika vipande viwili, chini ya ngozi iliyoshonwa vizuri sana. Kuanzia hapa huu wa fahamu nitauita neva, ili tusichanganyikiwe.

Wiki zilipita. Kidonda kikapona. Ganzi ikabaki. Mama mkwe wa dada yangu, ambaye wajukuu humwita koko, alikwisha kutoa hukumu: mkono umekufa, mtoto amshukuru Mungu kwamba ni wa kushoto. Kisha yakatokea mambo mawili. La kwanza lilikuwa la ajabu. Kijana alikuwa akifua sare zake, na alipotoa mikono majini dada yangu aliona kwamba kidole cha mwisho kimekunjamana, kama vidole vya mtu yeyote aliyekaa na maji, lakini gumba, shahada na cha kati ni laini kama vya mtu ambaye hakugusa maji kabisa. Nilidhani dada yangu anatia chumvi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari mmoja wa Ireland, O'Riain, aliliandika jambo hilo hilo mwaka 1973. Ngozi iliyopoteza neva haikunjamani majini. Ni kipimo kisichohitaji mtambo wowote, kinachofaa hasa kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachosikia: beseni la maji ya vuguvugu, nusu saa, basi.

Jambo la pili halikuwa la ajabu, lilikuwa la kuumiza. Alishika sufuria ya ugali ikiwa mekoni, na hakujua kwamba anaungua mpaka aliposikia harufu.

Hapo ndipo tukampeleka hospitali ya rufaa. Daktari alimfumba macho, akamgusa ncha za vidole kwa pamba, kisha kwa pini. Akamwomba agusishe gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Gumba lilikataa kuvuka kiganja. Haikuchukua dakika tano. Nami nikajiuliza, kwa nini dakika hizo tano hazikupatikana mwezi Machi? Nilipomuuliza daktari kama mkono umekufa kweli, alicheka kidogo akasema, "Haujakufa, mzee. Umechelewa."

Ndugu msikilizaji, ili kuelewa alichosema daktari yule, yafaa kujua neva ni kitu gani. Usifikirie waya uliokatwa kwa dirisha la duka la vifaa vya umeme. Fikiria kitu chenye uhai. Seli inayoamrisha gumba lako haimo gumbani. Imekaa shingoni, ndani ya uti wa mgongo, katika uboho ule mrefu unaoitwa ugwe mgongo. Kutoka hapo seli hiyo moja, ambayo huwezi kuiona kwa macho, imenyoosha uzi mmoja mwembamba kupita begani, kwapani, kiwikoni, hadi chini ya gumba. Kwa mtu mzima ni zaidi ya nusu mita. Nyuzi za namna hiyo, maelfu kwa maelfu, zikifungwa pamoja katika ala moja ndizo zinazofanya neva, ambayo kwenye mkono wa mpwa wangu ina unene kama wa penseli nyembamba.

Panga likipita, uzi hukatika vipande viwili. Mwaka 1850 Mwingereza Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura na kuzitazama kwa hadubini siku hadi siku. Aliona kwamba kipande kilichotengwa na seli yake hunyauka, hukatika katika vipande vidogo vidogo na hatimaye hutoweka. Lakini kile kilichobaki kimeungana na seli hubaki hai. Na si kwamba hubaki tu. Baada ya muda huanza kuchipua.

Wenyeji wa Olmotonyi hawahitaji kufundishwa habari za kuchipua. Kuna Chuo cha Misitu pale tangu mwaka 1937, na mtoto wa huko anajua kwamba mkaratusi ukikatwa hutoa machipukizi kwenye kisiki, na msindano, ambao wengine huuita mpaini, ukikatwa umekwisha, huna budi kupanda mwingine. Neva ya mkono ni mkaratusi. Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alieleza ncha ya uzi wa neva inapokua jinsi ilivyo: imetanuka kama kiganja chenye vidole, inapapasa mbele, inatafuta njia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Na njia ipo. Ingawa uzi wa zamani umekufa, ala yake imebaki kama mfereji mtupu. Ndani ya mfereji huo kuna seli zinazoitwa kwa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Seli hizo husafisha mabaki, hujipanga mstari, na kutoa chakula cha kuivuta ncha inayokuja. Uzi ukiupata mfereji, utasafiri. Usipoupata, utajisokota mahali pale pale ulipokatika na kufanya kinundu chenye maumivu. Ndiyo maana mtaalamu hutafuta ncha mbili na kuziunganisha, kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa hadubini. Hauunganishi umeme urudi kesho yake. Anafungua mlango wa mfereji tu; kusafiri ni kazi ya neva yenyewe.

Na neva husafiri kwa mwendo gani? Kwa binadamu, takriban milimita moja kwa siku. Wakati mwingine zaidi kidogo, hasa kwa watoto. Ukidhani huo ni mwendo wa konokono, tazama kucha zako: ukucha hukua kama milimita tatu kwa mwezi mzima. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo neva inakua mara tatu zaidi ya unywele na mara kumi zaidi ya ukucha. Haiwezi kufanya haraka zaidi kwa sababu vifaa vya kujengea ncha ile hutengenezwa kule shingoni kwenye seli, halafu husafirishwa ndani ya uzi wenyewe hadi kwenye ujenzi. Nguzo za ujenzi huo ndizo zinazotembea kwa mwendo huo wa milimita moja hivi kwa siku. Fundi hawezi kulipita lori la matofali.

Sasa tupige hesabu. Kutoka kwenye kovu la mpwa wangu hadi kwenye kifundo cha mkono ni sentimita 12. Hadi kwenye kinyama kilicho chini ya gumba, kama sentimita 16. Hadi ncha ya kidole cha kati, sentimita 30. Ongeza mwezi mmoja wa mwanzo, ambao neva hutumia kujikusanya na kuvuka maungio. Ina maana kinyama cha gumba kitafikiwa baada ya miezi sita na nusu hivi tangu siku ya upasuaji, na ncha ya kidole baada ya miezi kumi na moja.

Kuna mtu mwingine mwenye saa mkononi, naye ni msuli. Msuli usiopata neva hausubiri milele. Hukonda, nyama yake hugeuka polepole kuwa makovu na mafuta, na zile sehemu neva inapopokelewa hupotea. Baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu tangu kuumia, neva inaweza kufika na kukuta hakuna wa kumfungulia. Ngozi ni mvumilivu zaidi, hisia zinaweza kurudi hata kwa kuchelewa. Msuli si mvumilivu. Kijana aliumia Machi, akapasuliwa Julai. Miezi minne ilikuwa imeshaliwa. Ongeza sita na nusu: kumi na nusu. Tumo ndani ya muda, lakini ukutani tunapakwaruza. Lau tungemsikiliza koko, tukangoja hadi Krismasi, hesabu ingetukataa.

Kuchelewa kulimgharimu na kitu kingine. Neva iliyokatika wiki hii inaweza kuunganishwa ncha kwa ncha. Iliyokaa miezi minne ncha zake zimejivuta na kuota makovu. Ukizikata makovu hayo unapata pengo. Zamani waliziburuta kwa nguvu zikutane. Daktari Hanno Millesi wa Vienna, Austria, alionyesha miaka ya 1970 kwamba neva iliyovutwa hivyo haiponi vizuri, na kwamba ni heri kuweka kiraka. Kiraka hicho hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe, kwenye neva ndogo ya nyuma ya mguu. Kwa hiyo leo mpwa wangu ana ganzi ya kudumu pembeni mwa unyayo, kodi aliyolipa kwa ajili ya mkono.

Msikilizaji mwenye shaka ataniuliza: mambo haya ya kusikia yanarudi kwa utaratibu huo, nani aliyathibitisha? Yupo aliyeyathibitisha kwa mwili wake. Tarehe 25 Aprili 1903, daktari Henry Head wa London alilala mezani akaagiza neva za ngozi za mkono wake wa kushoto zikatwe makusudi na kuunganishwa tena. Mwili mzima, hana ugonjwa wowote! Kwa muda wa miaka minne alikuwa akienda Cambridge kwa rafiki yake W. H. R. Rivers, ambaye alimgusa kwa pamba, sindano, maji ya moto na barafu, huku mwenyewe amefumba macho, na yote yakaandikwa. Waliyatoa matokeo mwaka 1908. Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana na kila walichokisema, lakini walionyesha kwamba hisia hazirudi zote kwa mkupuo. Maumivu na joto hutangulia, mguso mwepesi huchelewa.

Na ule mtindo wa kugonga kwa kidole? Huo ulizaliwa vitani. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ile iliyopiganwa hata hapa kwetu Longido mwezi Novemba 1914, Mjerumani Paul Hoffmann na Mfaransa Jules Tinel, wakitibu majeruhi wa pande mbili zenye kupigana, kila mmoja aligundua peke yake kwamba ukigonga mahali ambapo ncha changa za neva zimefikia, mgonjwa husikia msisimko, kama sisimizi, kwenye vidole. Msisimko huo ukisogea mbele mwezi hadi mwezi, neva inasafiri. Ukibaki mahali pamoja, kuna kizuizi, na daktari aambiwe. Futi yangu ya fundi cherehani haina elimu nyingine zaidi ya hiyo.

Nisieleweke kwamba kila neva hushinda. Chukua vijana wetu wa pikipiki. Mtu akirushwa akaangukia bega huku kichwa kimevutwa upande wa pili, neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi huweza kunyofoka. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni sentimita 70 na zaidi, yaani miaka miwili ya safari, na msuli wa kiganja hausubiri miaka miwili. Kwa hiyo madaktari siku hizi, badala ya kungoja, huazima tawi la neva nzima iliyo karibu na msuli na kulielekeza huko, angalau kiwiko kikunjike. Hata hilo lina muda wake, miezi sita ya mwanzo ikiwa bora zaidi. Majeruhi anayekaa nyumbani mwaka mzima mkono umening'inia, akisubiri kudra, anapoteza kitu kisichonunulika baadaye.

Ubongo na ugwe mgongo ni habari nyingine kabisa. Huko ndiko kwenye misindano. Wilayani Tarime mwaka 1985, baada ya ukame, watu walikula mihogo michungu ambayo haikulowekwa ikatosha, na sumu yake ikawaletea ugonjwa uitwao konzo: miguu ilikakamaa ghafla, na ikabaki hivyo. Mihogo iliharibu njia za ndani, zile zitokazo ubongoni kushuka, ambazo hazichipui. Lakini mfano wangu wa miti unaishia hapo, maana mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal, Canada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kwenye ugwe mgongo wake, na nyuzi zile zilizosadikiwa kuwa hazikui zikaingia humo zikakua sentimita kadhaa. Kumbe uwezo upo. Udongo ndio unaokataa. Tangu hapo wanasayansi wanahangaika na udongo huo, na bado hawajapata tiba ya kumwinua aliyevunjika uti wa mgongo.

Kwa mkono, kazi kubwa ya miezi ya kungoja iko nyumbani. Viungo vya vidole visiponyooshwa kila siku hukauka, na neva ikifika itakuta mlango umepata kutu. Ganzi nayo lazima ilindwe. Ndugu zetu waliougua ukoma hawakupoteza vidole kwa kuliwa na ugonjwa, kama tulivyodanganywa utotoni. Vijidudu vya ukoma huharibu neva, na mkono usiosikia maumivu huungua, hukatwa na kuoza bila mwenyewe kujua. Daktari Paul Brand alilionyesha hilo kule Vellore, India, baada ya mwaka 1946. Dada yangu alishona mfuko mnene wa kitambaa cha jinzi, na kijana hashiki sufuria bila huo. Kila usiku anakagua vidole vyake kwa taa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupandisha ni tope tupu. Kule mwezi Septemba alama yetu ya kwanza ilikuwa sentimita tatu. Novemba ilikuwa tisa na kidogo. Safari hii kidole changu kilipofika mwanzo wa kiganja, juu kidogo ya kifundo, akashtuka. Nikapima mara mbili. Sentimita 14 na nusu.

Kinyama cha gumba bado ni bapa, ngozi imelalia mfupa. Nilimwomba ajaribu kuvusha gumba, akakaza uso, likatikisika kidogo, au mimi ndiye niliyetaka litikisike. Koko alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Alinyanyuka, akaja kutazama kalenda upande wa nyuma, akaufuata mstari wa tarehe kwa kidole chake, ingawa hajui kusoma.

"Hii ya mwisho ni ipi?" akauliza.

Mjukuu wake akamwonyesha. Akamwambia zimebaki sentimita moja na nusu.